Mwanzo wa Kiangazi: Kuchagua na Kuanza Burudani Mpya



Mvua za masika zimekatika, na kwa wengi wetu mahindi yameanza kuingia ghalani. Mwezi Juni na Julai kazi za shamba hupungua, barabara hupitika, na jioni watu hupata nafasi. Ndiyo maana kamati nyingi za parokia hupanga semina, ujenzi na harambee katika miezi hii. Hayo yote ni mema. Lakini katika somo la robo hii tunapenda kuzungumzia jambo ambalo mara chache huonekana kwenye mpango kazi wa kamati: mtu kuchagua kitu kipya cha kumfurahisha, na kukianza. Vijana hukiita hobi. Sisi tutakiita burudani.

Huenda mtu akauliza, burudani inahusiana vipi na maendeleo? Sisi wenyewe tulipata jibu baada ya kukosea.

Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita, akina mama wa kigango kimoja walikuwa wakikutana kila Jumatano jioni chini ya mwembe kusuka ukili. Waliojua waliwafundisha wasiojua. Walikuwa wakisuka, wakizungumza na kucheka. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja mjane ambaye tangu msiba wa mume wake alikuwa hatoki nyumbani. Jumatano alitoka.

Tulipowatembelea tuliona mikeka mizuri, tukafurahi, na mara moja tukaandika mradi. Tukawapa malengo ya idadi ya mikeka kwa mwezi, daftari la mahesabu, mhasibu na fomu za taarifa. Mwanzoni wateja walipatikana, baadaye wakapungua. Yakaanza manung'uniko kuhusu fedha. Waliokuwa wakisuka polepole waliona aibu, wakaacha kuja. Kabla ya mwaka kwisha, chini ya mwembe hapakuwa na mtu.

Tulimtembelea yule mjane nyumbani kwake. Alitueleza kwa upole kwamba yeye hakuwahi kuja kwa ajili ya fedha. Alikuja kwa sababu Jumatano ilikuwa siku yake. Tulirudi ofisini kimya. Tulikuwa tumekiona kile kilichouzika, tukashindwa kukiona kile kilichokuwa kikiponya.

Kuchagua: maswali manne

Mtu anayetaka kuanza burudani mpya kiangazi hiki ajiulize:

1. Je, nitalipenda jambo hili hata nisipolipwa wala kusifiwa? Kama jibu ni hapana, hiyo ni kazi. Kazi si mbaya, ila iitwe kazi.

2. Je, vifaa vyake vinapatikana karibu? Jambo linalohitaji kuagiza vitu mjini mara nyingi hufa kabla ya kuanza.

3. Ni nani atakayenifundisha? Angalia kwanza wazee na majirani. Mzee anayeombwa kufundisha anachokijua naye hupata furaha yake.

4. Je, nina muda? Swali hili ni gumu zaidi kwa akina mama wenye maji, kuni, watoto na wagonjwa wa kuhudumia. Familia ikubaliane nani atapika jioni hiyo. Bila makubaliano hayo, burudani ya mama itakuwa mzigo mwingine juu ya kichwa chake.

Mifano mitatu ya kuanzia

Bao. Ubao wa bao la Kiswahili una safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na mchezo una kete 64. Anayekosa ubao aweza kuchimba mashimo 32 ardhini na kutumia komwe, mbegu nyingine au vijiwe. Mchezo huanza kwa namua, kila mchezaji akiwa na kete 22 mkononi, na huendelea kwa mtaji baada ya kete hizo kwisha. Asiyejua asione haya kuketi pembeni na kutazama siku chache. Na wanaume wanaocheza wakumbuke kuwapisha akina mama na vijana wanaotaka kujifunza.

Kusuka ukili. Kiangazi ni wakati unaofaa, kwa kuwa majani ya ukindu huhitaji jua ili yakauke vizuri bila kuota ukungu. Majani huchanwa, huanikwa, na anayetaka rangi huyachemsha pamoja nayo. Wakati wa kusuka huloweshwa kidogo ili yalainike yasivunjike. Anayeanza asikimbilie mkeka mzima. Asuke ukili mfupi, aufumue, asuke tena.

Kutazama nyota. Hii haina gharama yoyote. Usiku wa kiangazi usio na mwezi anga huwa safi. Katikati ya Juni, kama saa 2 usiku, tazama kusini: utaona nyota nne za Msalaba wa Kusini, nao umesimama wima. Kisha geukia mashariki, kidogo upande wa kusini, utaona Nge akipanda, na moyoni mwake nyota moja nyekundu. Mwishoni mwa Juni, anayeamka saa 11 na nusu alfajiri atazame mashariki kwenye kile kishada kidogo cha nyota kiitwacho Kilimia. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwezi Mei hakionekani, kwa kuwa kipo upande mmoja na jua. Juni hujitokeza tena kabla ya mapambazuko. Mtoto akikiona mwenyewe, methali hiyo haitakuwa tena maneno ya darasani tu. Kwa wanaoishi nyanda za juu, msisahau blanketi.

Kuanza

Chagua jambo moja tu. Weka siku moja kwa wiki, saa moja inatosha. Mwalike mtu mmoja wa kufuatana naye, hasa yule aliyestaafu, aliyefiwa, au anayekaa peke yake. Endelea kwa majuma manne kabla ya kuamua kama linakufaa, kwa sababu mwanzo wa kila jambo una ugumu wake. Baada ya hapo, kama halikupendezi, liache bila kujilaumu na ujaribu jingine.

Neno kwa kamati na wafadhili

Kamati zinaweza kusaidia kwa mambo madogo: kufungua ukumbi jioni moja, kutoa benchi na taa, kumtambulisha mzee anayejua kufundisha. Tunawaomba zisiunde kamati ndogo ya burudani, na zisidai taarifa ya kila mwezi.

Kwa wafadhili wetu wapendwa, tunajua kwamba fedha mnazotoa zinahitaji maelezo, na kwa miradi ya maji, elimu na kilimo tutaendelea kuyatoa kikamilifu. Lakini tunawaomba mkubali kwamba yako mambo mema yanayoharibika yanapopimwa kwa mapato. Wakitaka wenyewe siku moja kuuza mikeka yao, uamuzi huo uwe wao, nasi tutasubiri waje kutuomba ushauri.

Kuhusu kile kigango, tulirudi, tukawaomba radhi na kuchukua fomu zetu. Hatukuwaahidi chochote. Baada ya muda tulipita njia ile siku ya Jumatano, tukawaona akina mama wanne chini ya mwembe. Yule mjane alikuwa mmoja wao, akimfundisha binti wa jirani kuanza ukili. Tulisalimia, tukapewa maji ya kunywa, tukaendelea na safari. Hatukuandika kitu.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kigango chetu, ni nani ambaye hana siku yake hata moja katika wiki?

2. Ni ujuzi gani wa wazee wetu unaoweza kupotea kwa kukosa mtu wa kuuliza?

3. Je, tumewahi kugeuza furaha ya watu kuwa mradi? Nini kilitokea?

4. Ni kazi gani za nyumbani tunazoweza kugawana ili akina mama nao wapate jioni moja?