Mwenye Ulemavu Aulizwe Mwenyewe

Mwanangu mtu mzima ana ugonjwa wa akili. Si mimi ninayepaswa kumjibia mtafiti? (Wazazi kadhaa, Kigombe)

Hapana. Barua zenu nimezijibu pamoja kwa kuwa zote zina kosa moja, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu hapotezi haki ya kuulizwa kwa sababu anameza dawa za akili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 15 inakataza kumfanyia mtu majaribio ya kitabibu au ya kisayansi bila ridhaa yake. Ugonjwa wenyewe una vipindi: leo amevurugikiwa, wiki ijayo ametulia. Basi mtafiti arudi wiki ijayo! Amweleze kwa maneno mafupi, amwambie kwamba akikataa hatanyimwa dawa, kisha amsikilize akieleza alichoelewa. Akisema "sitaki," yameisha, hata kama baba yuko tayari kusaini. Tena mzazi hujibu anachokiona. "Hana shida, analala tu." Mawazo ya kujiua hayaonekani kutoka barazani.

Hawa wanaotoa damu usiku kwa wenye matende, si mumiani?

Si mumiani. Vimelea vya matende hujaa kwenye damu usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane. Ukipima mchana unaweza usivione. Mtafiti asiyelieleza hilo kwenye mkutano wa kijiji ndiye anayezaa uvumi. Na kosa lake la pili ni kuhesabu vimelea akaondoka, bila kumuuliza mwenye busha kwa nini siku hizi haonekani harusini.

Mganga kasema nikiwajibu watafiti nitapandisha pepo.

Anaogopa kupoteza mteja.

Mume wangu ni kiziwi. Nimtafsirie?

Swali likihusu ndoa yenu, je? Mkalimani wa lugha ya alama atafutwe, na alipwe kwa fedha za utafiti.

Mbona tunahesabiwa, lakini huzuni zetu hazihesabiwi?

Maswali sita yanayotumika sana duniani kuhesabu ulemavu yanagusa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Hofu na sonona hazimo. Nalo dodoso la sonona lenye maswali tisa linauliza uchovu na mwendo mzito, kwa hiyo mwenye mguu uliovimba huongezewa alama kwa mguu wake. Anayepima lazima aulize zaidi.

Mtafiti akikuambia wenye ulemavu "hawahusiki," mwombe akuonyeshe kibali chake na akueleze nani ameachwa, na kwa nini.