SOMO: Tuzo Isiyoleta Husuda

Mwaka 1804 watu 7 walikutana katika duka la vitabu jijini London, wakaanzisha chama cha bustani, leo Royal Horticultural Society. Mwaka 1913 chama kilianzisha maonyesho ya maua ya Chelsea. Waamuzi wake hupima kila bustani kwa vigezo vilivyowekwa, si kwa kuilinganisha na ya jirani. Hivyo wengi huweza kupata medali ya dhahabu.

Ndugu wanakamati, mkitoa zawadi moja tu, mjane mwenye tuta moja la mchicha atashindana na mwenye ekari nzima, na mwakani haji. Kubalianeni vigezo mkutanoni kabla ya kupanda: mboji, maji, palizi.

Tujadili: Nani ameacha kuja kikundini, na kwa nini?