SOMO: KISIMA CHETU NA CHOO CHA JIRANI

Somo la mwezi huu tunalianzia nyumbani kwetu, tusije tukaonekana tunawanyoshea wengine kidole. Juma lililopita tulipima kwa kamba kutoka kisima chetu hadi karo la choo chetu. Tukapata meta 17. Wataalamu hushauri zisipungue 30, tena kitako cha shimo kiwe juu ya usawa wa maji kwa meta 2 hivi. Basi sisi walimu wastaafu tumeanguka mtihani!

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, sisi tulikuwa watoto wa shule. Wazazi walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kazi ile ilikuwa njema. Lakini nyumba zilikuwa mbalimbali. Leo hapa Mkomaindo viwanja vimebanana, na wengi tumejenga choo cha maji.

Karo hufanyaje kazi? Uchafu mzito hutua chini, maji hutoka kwenda shimo la pili na kunywewa na ardhi. Udongo mnene huyachuja, na vijidudu vingi hufa njiani. Lakini sisi wa Masasi tunaishi kati ya milima ya mawe. Chini ya udongo upo mwamba, na mwamba una nyufa. Maji yakipata ufa hayachujwi, hukimbia. Na mvua zikinyesha sana, maji ya chini hupanda kulifuata shimo. (Wenzetu wa Newala, juu ya uwanda, maji yao yako chini mno, taabu yao ni kuyafikia.)

Msiseme, "Maji yetu ni maangavu." Mwaka 1854 huko London, pampu ya Broad Street ilisifiwa kwa maji matamu. Kipindupindu kikaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alisema ugonjwa umetoka katika pampu hiyo. Kasisi kijana wa Kianglikana, Henry Whitehead, hakusadiki, akapita nyumba kwa nyumba ili ampinge. Ndipo akagundua mtoto mchanga aliyeugua kabla ya wengine. Maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la choo la nyumba nambari 40. Shimo lilipofukuliwa lilionekana linavuja, nalo halikufika meta moja kutoka kisimani. Kasisi akaligeuza neno lake mbele ya watu. Twampenda kwa hilo.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti, chumvi itokanayo na mkojo na kinyesi. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya chupa kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake hushindwa kubeba hewa, midomo ikageuka buluu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita. Macho na ulimi havitambui kitu hiki. Hutambulika kwa kupimwa tu.

Sisi tulitaka kulihamishia karo upande wa chini wa mteremko. Lakini chini yuko jirani, naye ana kisima. Tumekaa naye barazani, tukapatana: karo libaki, lisakafiwe chini na kuzibwa nyufa, shimo lile la pili lifukiwe, na gari la maji taka liitwe kila linapojaa, gharama ni yetu. Maji ya visima vyote viwili yatapelekwa kupimwa baada ya mvua kubwa za kwanza. Mpaka hapo, ya kisima ni ya kufulia na bustani.