KUPIGA PICHA SARAFU ZA KALE KATIKA SOMO LA HISTORIA

Utangulizi

Mwalimu wa Historia anayefundisha Bondeni, iwe Ipinda, Matema au Mwaya, asishangae mwanafunzi akimletea sarafu ya kale iliyofungwa katika kitambaa. Utawala wa Wajerumani uliweka boma lake kwanza ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kisha Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Kodi ya kibanda iliyoanza kutozwa mwaka 1898 iliwalazimisha wazee wetu kuitafuta rupia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki.

Mara nyingi mjuzi wa kuitambua sarafu hiyo na kupima hali yake yuko mbali. Kuipeleka sarafu yenyewe ni kuihatarisha mali ya familia. Picha nzuri husafiri, na sarafu ikabaki kwa mwenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuwafundisha wanafunzi kupiga picha ya namna hiyo.

Mfano wa kuanzia

Tutumie heller 20 ya mwaka 1916. Vita vilipokata njia za kuleta fedha, Wajerumani walitengeneza sarafu hizo katika karakana ya reli Tabora, nyingine za shaba nyekundu na nyingine za shaba nyeupe ya manjano. Upande wenye taji na herufi D.O.A. una mwaka na herufi T. Taji liko la aina mbili, kubwa na dogo. Nazo ncha za herufi L katika neno HELLER hutofautiana, nyingine zimepinda na nyingine zimechongoka. Picha yenye ukungu haiwezi kuonyesha tofauti hizo. Aidha, nyingi ziligongwa kwa chapa hafifu tangu mwanzo. Asiyeona vizuri atadhani zimechakaa kwa kutumika.

Hatua za kufuata

Kwanza, sarafu isisafishwe. Mwanafunzi wetu mmoja alikwisha kuisugua yake kwa mchanga na limau ili ing'ae mbele ya wenzake. Iling'aa kweli, lakini mwaka haukusomeka tena, na hapana picha iwezayo kurudisha kilichofutika. Onyo hili litolewe siku moja kabla ya somo, si siku ya somo. Sarafu ishikwe kwa ukingo wake, si kwa nyuso.

Pili, ilazwe juu ya kitambaa cha rangi moja kisichong'aa. Kando yake iwekwe rula yenye milimita, ili kipenyo kisomeke.

Tatu, simu ya mwalimu ilazwe juu ya marundo mawili ya madaftari yenye kimo sawa, lenzi ikitazama chini katikati ya marundo. Hivyo haitikisiki wala haiinami. Ikiinama, sarafu ya duara huonekana kama yai. Isisogezwe karibu mno, kwa maana lenzi hushindwa kuona sawasawa na kivuli cha simu huangukia sarafu.

Nne, mwanga utoke upande mmoja, chini chini, kama ule wa dirishani asubuhi. Mwanga wa namna hiyo huvipa vivuli maandishi yaliyoinuka. Taa ya simu izimwe, kwani hung'arisha uso wote na kuficha mikwaruzo. Upande wa pili isimamishwe karatasi nyeupe kurudisha mwanga. Tujihadhari na dirisha linaloelekea migombani: mwanga uliopita katika majani huitia sarafu rangi ya kijani, na mtazamaji atadhani ni kutu.

Tano, zipigwe pande zote mbili na ukingo. Kisha sarafu igeuzwe kidogo, picha zipigwe tena; doa lililofichwa na mwanga wa kwanza litafichuliwa na wa pili. Picha isirembwe kwa namna yoyote.

Tathmini

Darasa ligawanywe makundi mawili. Kundi la kwanza lipige picha. Kundi la pili, lisiloiona sarafu, liandike kutokana na picha peke yake: mwaka, herufi, kipenyo, na kila mkwaruzo. Halafu maandishi hayo yalinganishwe na sarafu yenyewe. Palipokosewa, wanafunzi waulizwe kama kosa ni la jicho au la picha. Likiwa la picha, warudie.

Hitimisho

Zoezi hili lataka simu moja, madaftari na dirisha. Faida yake ni kubwa kuliko sarafu. Mwanafunzi hujifunza kwamba picha ni ushahidi, na kwamba shahidi mwema haongezi wala hapunguzi. Aonyeshe kovu la sarafu kama anavyoonyesha taji lake. Somo likiisha, sarafu irudi nyumbani siku ile ile, mkononi mwa aliyeileta.