SOMO LA WIKI: Simu na intaneti njia moja, hesabu mbili

Mfanyabiashara wa dagaa aliyeko Mwaloni, Kirumba, anaweza kuwa na mteja Sengerema, mwingine Kisumu na mwingine Kampala. Ziwa ni moja, lakini kwa simu ya kawaida Kisumu na Kampala ni nje ya nchi. Faida ya gunia ni ndogo, hivyo gharama ya kuulizia bei nayo ni sehemu ya mtaji. Tuone jinsi simu na intaneti zilivyoungana, na maana yake mfukoni.

Simu ya zamani
Mitambo ya simu za mezani ilitenga njia nzima kwa watu wawili tangu waanze kuongea hadi wakate. Hata wakinyamaza, njia ilibaki yao. Katika mitambo ya kidijiti njia hiyo ni kilobiti 64 kwa sekunde. Ndiyo sababu ankara ilihesabu muda na umbali, na mpaka wa nchi ukaongeza bei, ingawa Kisumu ni karibu na Mwanza kuliko Dar es Salaam.

Simu ya intaneti
Hapa sauti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani yake, na njia moja hutumiwa na watu wengi kwa zamu. Unacholipia ni uzito wa data, si umbali wala mpaka.

Chukua mfano wa sauti iliyobanwa hadi kilobiti 8 kwa sekunde. Kila pakiti ina baiti 20 za sauti na baiti 40 za anwani, yaani bahasha nzito kuliko barua. Pakiti 50 kwa sekunde ni kilobiti 24. Kwenda na kurudi ni 48, sawa na kilobaiti 360 kwa dakika. Dakika 10 ni megabaiti 3.6. Linganisha na bei ya kifurushi chako, kisha na bei ya dakika 10 za kawaida. Programu nyingine hutumia zaidi, na picha za video hutumia zaidi sana.

Tulifikaje hapa
Mwaka 2003 sheria iliunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji kuwa TCRA. Februari 2005 haki ya pekee ya TTCL katika simu za msingi ilikoma, zikaja leseni zisizobagua teknolojia. Septemba 2006 Celtel iliunganisha wateja wake wa Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo aliyevuka ziwa akapiga kwa gharama za wenyeji. Mwaka 2009 mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam, na intaneti ya nchi ikapunguza kutegemea setilaiti.

Mambo matatu ya kuangalia
Kwanza, simu ya intaneti hutaka data pande zote mbili. Mvuvi kisiwani mwenye simu ndogo ya tochi mpigie kwa njia ya kawaida.

Pili, pakiti zikichelewa kupita milisekunde 150, wanaoongea huanza kukatizana, na pakiti zikipotea maneno humezwa. Bei na idadi ya magunia vithibitishwe kwa ujumbe wa maandishi kabla mzigo haujapakiwa. Tarakimu moja ikimezwa inaweza kula faida yote ya safari.

Tatu, si kila huduma ya simu ni intaneti. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, hufunguka kwa *150*00# bila kifurushi cha data. Kifurushi kikiisha, bado unaweza kulipa na kulipwa.

Kwa kifupi: mteja wa mbali mwenye data, tumia intaneti, wa kisiwani, tumia dakika, makubaliano ya bei, yaandikwe.