Vigae vya Shambani: Ni vya Nani, na vya Lini?



Kila msimu wa kulima, na kila tukichimba mtaro, choo cha shimo au kidimbwi cha samaki, jembe hugonga vipande vya vyungu. Wengi wetu tunavitupa kando. Watoto wanavirusha ziwani. Halafu siku moja anatokea mtu na mfuko wake, anauliza kama kuna "vitu vya wazee" vya kuuza. Ikiwa mwaka huo mavuno ni mabaya na karo haijalipwa, kikundi kitamjibu nini? Somo la leo litatusaidia kujua tulicho nacho kabla hatujakiuza au kukivunja.

Chungu hakina chapa

Sahani ya dukani ina maandishi chini yake. Chungu cha kwetu hakina jina la fundi wala mwaka. Si kwetu tu. Hata huko Italia, katika miji ya ufinyanzi kama Faenza na Deruta, vyombo vingi vya kale havina chapa. Wajuzi wa huko hukipindua chombo, wakatazama udongo, kitako, rangi na jinsi kilivyochomwa. Sisi nasi tutafanya vivyo hivyo, na mama mfinyanzi wa kijijini ndiye mwalimu wetu wa kwanza.

Mambo manne ya kutazama

1. Udongo. Tazama pale kilipovunjika. Je, ni laini, au umejaa chembe za mawe meupe? Mfinyanzi huchanganya mchanga au vigae vilivyopondwa ili chungu kisipasuke motoni.

2. Ujenzi. Vyungu vya kwetu hujengwa kwa mkono. Ukiona ndani mistari ya duara iliyo sawasawa kabisa, na nje ngozi inayong'aa kama kioo, hicho kimetoka mbali na kwa kawaida si cha zamani sana. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo vyombo vya viwandani vilifika kwa urahisi.

3. Mdomo na kitako. Kipande cha ubavu husema machache. Kipande cha mdomo kinaonyesha chungu kilikuwa na upana gani, na kama kilikuwa cha maji, cha kupikia au bakuli.

4. Nakshi. Je, zilichorwa kwa kijiti, zilidungwa, au zilipigwa kwa kamba?

Koo za vyungu kando ya ziwa letu

Sasa tulinganishe. Wachimbaji wa mambo ya kale wameona aina hizi katika nchi inayozunguka ziwa.

Kansyore. Jina limetoka kisiwa kilichoko katika mto Kagera. Hivi ni vyungu vya wavuvi na wawindaji walioishi kabla ya kilimo. Vya mwanzo vina umri wa kama miaka 8,000. Udongo wake mara nyingi una chembe nyingi, na nakshi za kudungwa zimejaa karibu ubavu wote. Vimepatikana katika majalala ya makombe na mifupa ya samaki ufuoni, na pia Gogo Falls kwenye mto Kuja, Migori, ambako Peter Robertshaw alichimba miaka ya 1980.

Elmenteita. Ni vya wafugaji. Havina nakshi nyingi, vingi havina kabisa. Huko Gogo Falls vilipatikana pamoja na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, vikiwa na umri wa kama miaka 2,000.

Urewe. Jina ni la mahali huko Siaya. Vilielezwa katika ripoti ya mwaka 1948 ya Mary Leakey, Louis Leakey na Arkidikoni Owen. Ni kazi ya watu waliolima na kuyeyusha chuma, na kwa upande wetu vina zaidi ya miaka 1,000. Mdomo umechongwa kwa pembe kadhaa, mistari imechorwa kwa ustadi, na vingine vina kishimo chini ya kitako, kama umebonyeza kwa kidole gumba.

Vya kamba. Mfinyanzi huviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, nayo huacha alama zinazofuatana. Mtindo huu ni wa miaka 1,000 hivi ya karibuni, na mama zetu wanautumia hata leo katika agulu na dapi.

Tahadhari moja: tusiseme haraka, "Hiki ni cha kabila fulani." Uchunguzi wa Ingrid Herbich kwa wafinyanzi Waluo ulionyesha kwamba mwanamke wengi wao hujifunza kazi baada ya kuolewa, kwa mama mkwe. Kwa hiyo nakshi hufuata boma alikoolewa, si lazima damu yake.

Mahali ni nusu ya habari

Kigae peke yake kinatupa makisio tu. Umri wenyewe hupatikana kutokana na vilivyolala pamoja nacho. Makaa ya moto wa kale hupimwa kwa kaboni: kitu kikishakufa, kaboni fulani ndani yake hupungua nusu kila miaka 5,730. Pia tabaka la chini huwa la zamani kuliko la juu, kama ardhi haijavurugwa. Ukiking'oa kigae na kumpa mtu wa mfuko, yote hayo yamepotea, na hakuna pesa itakayoyarudisha.

Tufanye nini?

- Acha kuchimba mahali hapo. Weka alama.
- Usisugue wala usioshe. Masizi na mabaki ya chakula hupimwa.
- Andika tarehe, shamba na kina.
- Toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Kisumu kuna ofisi yao.
- Usiuze. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 ni cha kale, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa.

Msiseme sheria inatunyima riziki. Thimlich Ohinga kule Migori iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ndugu zetu wa Mfangano wamejenga makumbusho yao ya Abasuba. Mgeni hulipa kuona kitu pamoja na hadithi yake, mahali pake. Mtu wa mfuko hulipa mara moja tu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni wapi kijijini kwetu vigae huonekana kwa wingi?
2. Nani kati ya akina mama anajua ufinyanzi, na atufundishe lini?
3. Tukipata kigae kesho, nani ataandika na nani atapeleka taarifa?
4. Mwenye shida ya pesa tutamsaidiaje ili asilazimike kuuza?