Menyu Isikutishe, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Tabata, barua yako imenichekesha kwanza, halafu ikanisikitisha. Unasema kila Ijumaa wenzako wa ofisini wakitoka kwenda kula, leo Kichina, wiki ijayo Kihabeshi, wewe unasingizia umefunga. Kumbe njaa inakuuma, ila unaogopa kuonekana mshamba mbele ya menyu usiyoielewa. Sogea tuongee, maana hauko peke yako.

Aibu hiyo tuitoe mapema. Chapati unayokula na maharage, sambusa ya jioni na biriani ya harusini vilifika kwetu na watu kutoka ng'ambo ya bahari. Urojo wa Unguja una bhajia na kachori ndani yake, na hivyo ni vya Kihindi. Hata mahindi ya ugali na huo muhogo wa Coco Beach asili yake ni bara la Amerika. Vyote vilikuwa vigeni hapa kabla hatujavizoea. Hao wenzako hawakuzaliwa wakijua kushika vijiti; wamekutangulia kuuliza tu.

Ningekuwa wewe, ningeanzia Kisutu na Upanga, si Masaki. Kule Masaki unalipia na upepo wa bahari. Huku mjini Wahindi wa Dar wanakula chakula chao wenyewe, kwa bei ya mtu aliyetoka kazini. Mchana agiza thali: sinia lenye vibakuli vya dengu, mboga, mtindi na achari, pamoja na wali na chapati. Sehemu nyingi wanakuongezea mpaka useme basi. Mkono unaruhusiwa, kwa hiyo hofu ya uma na kisu imekwisha. Ila soma mlangoni kabla hujaingia. Iko migahawa isiyopika nyama kabisa kwa sababu ya dini, na ukimwita mhudumu umuulize kuku, utamtia unyonge bure.

Kwa Wahabeshi, usishtuke mkiletewa sinia moja watu wanne. Ule mkate laini wenye vitundu unaitwa injera, umetengenezwa kwa unga wa tefu uliochachushwa siku kadhaa, ndiyo maana una ukali kidogo. Usidhani umeharibika! Nawa, mega kwa mkono wa kulia, chota mchuzi, kula upande wako. Mtu akikutengenezea tonge na kukulisha, fungua kinywa. Kwao huo ni upendo na heshima, wanauita gursha. Wakristo wao wa Kiorthodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai siku za mfungo, kama Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo wanajua sana kupika dengu na mboga. Mfuko ukiwa mwepesi, omba sinia la mfungo. Kitfo ni nyama ya kusaga ambayo kwa kawaida huliwa mbichi au ikiwa imepashwa kidogo tu, basi sema mapema kama unataka iive. Na kahawa yao haina haraka: desturi ni mizunguko mitatu, kwa hiyo usiwaage baada ya kikombe cha kwanza.

Kwa Wachina kosa kubwa la wengi wetu ni kila mtu kuagiza sahani yake kama yuko kwenye chipsi kuku. Vyakula huwekwa katikati, mnachangia, na wali unakuwa pembeni. Mkiwa watano, vyakula vinne na wali vinaweza kuwatosha, na bili inapungua. Vijiti vikikushinda omba uma, hakuna polisi wa vijiti. Ila usivichomeke wima kwenye wali, maana kwao hufanana na udi unaochomwa kwa ajili ya marehemu. Ukisikia midomo inakufa ganzi, tulia, hiyo ni pilipili ya Sichuan inafanya kazi yake.

Sasa mambo ya kuuliza kabla hujaketi. Wewe ni Mwislamu, kwa hiyo usiishie kwenye swali la "kuna nguruwe?" Uliza kama nyama ni halali, mafuta ya kupikia ni ya nini, na kama kuna mvinyo kwenye mchuzi. Mwenye mzio wa karanga au kamba atamke jina la kitu chenyewe, kwa sababu vyakula vingi vya Kithai vina mchuzi wa samaki au kamba wa kusaga hata pale usipowaona. Mhudumu akisitasita, aende akamuulize mpishi. Hilo si usumbufu, ndiyo kazi yake.

Na pesa, bibie, ndiyo hasa iliyokufungisha, hata kama barua yako haikuitaja. Tafuta menyu kwenye simu asubuhi, ujue unachokimudu. Angalia maandishi madogo chini ya ukurasa, kwani wengine wanaandika bei bila VAT ya asilimia 18, wengine wanaongeza na ada ya huduma. Kisha kabla hamjaagiza sema kwa sauti ya kawaida, "Jamani, leo kila mtu na bili yake." Ukisema mwanzoni ni utaratibu. Ukisubiri bili ifike ndipo useme, inageuka ugomvi. Kama hata hivyo haitoshi, waambie wiki hii hapana. Hilo linatosha, dini usiihusishe.

Jambo la mwisho, omba zamu ya kuchagua. Kundi linalokula pamoja kila Ijumaa bila wewe kuchagua hata siku moja linakuzoesha kuwa mgeni. Zamu yako ikifika usihangaike kutafuta mgahawa mkubwa kuliko wao. Wapeleke kwa mama lishe unayemwamini, yule mwenye samaki wa nazi na mchicha, uwaelekeze nini kiagizwe na nini kiachwe. Utashangaa ni wangapi kati yao watakuuliza maswali yaleyale uliyokuwa unaona haya kuuliza wewe.

Haya, nenda ukale. Ukirudi niandikie, ila safari hii nataka kujua uliagiza nini.

Dada yako.